Njia ya Mbao na Haki ya Ufukwe: Historia na Istilahi za Miji ya Mapumziko ya New Jersey

1.0 Utangulizi

Mfasiri wa Kiswahili anayekutana na maelezo ya likizo za baharini katika majimbo ya mashariki ya Marekani hukabiliwa na tatizo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, ni la msamiati tu. Katika miji ya huko kuna barabara pana iliyojengwa kwa mbao juu ya mchanga, sambamba na bahari, ambayo watu huitembea jioni bila ya haja ya kufika popote. Upande mmoja wa barabara hiyo kuna mchanga na maji. Upande wa pili kuna maduka, hoteli, mikahawa na bembea. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka la kuitaja. Mfasiri anaweza kuiita "daraja la mbao", lakini haivuki mto wala bonde. Anaweza kuiita "gati", lakini haiingii majini wala haifungiwi chombo. Anaweza pia kulitohoa jina la Kiingereza na kupata "bodiwoki", neno ambalo msomaji wa Lamu au Kilwa hatalielewa mpaka aelezwe.

Makala haya yanashikilia kwamba tatizo hilo haliwezi kutatuliwa kwa kufungua kamusi peke yake. Istilahi njema huzaliwa baada ya kukijua kitu chenyewe, kazi yake na historia yake. Njia ya mbao, kama tutakavyoiita kuanzia hapa, ilijengwa juu ya mpaka wa namna mbili za ardhi: ile ambayo bahari huifunika na kuiacha, na ile iliyo kavu daima. Kwa zaidi ya karne moja na nusu miji ya New Jersey imekuwa ikibishana juu ya nani aruhusiwe kuuvuka mpaka huo, kwa malipo gani na kwa rangi gani ya ngozi. Tutaonyesha kwamba lugha ya Kiswahili, iliyozaliwa katika mwambao wa maji kupwa na kujaa, ina maneno ambayo yanauona mpaka huo waziwazi, na kwamba kuyatumia ovyo ni kuupoteza.

Tutaanza na maneno yenyewe, kisha tutafuata historia ya njia ya mbao katika miji michache, hususan Atlantic City na Asbury Park. Baada ya hapo tutajadili kesi za haki ya ufukwe na athari za bahari inayopanda, na mwishoni tutarejea kwenye istilahi na kwenye pwani yetu wenyewe.

2.0 Maneno na Mpaka

2.1 Pwani na ufukwe

Katika matumizi ya leo neno "pwani" limepanuka mno. Hutaja eneo zima la karibu na bahari, pamoja na miji, mashamba na watu wake; tunasema "watu wa pwani" hata kama nyumba zao ziko mbali na maji. Hata hivyo, umbo la neno linatufahamisha maana ya awali. Mzizi ni kitenzi "-pwa", yaani maji kupungua na kuacha mahali pakavu, pamoja na kiambishi cha mahali "-ni". Pwani ni mahali panapopwa: ule ukanda ambao kwa saa chache ni bahari na kwa saa chache ni nchi kavu. Mvuvi na mwokota chaza hawahitaji kufundishwa maana hiyo, kwani kazi yao hufuata ratiba ya maji. Wanajua bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na wanajua maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo.

"Ufukwe", kwa upande wake, hutaja mchanga ulio kando ya bahari, na kwa kawaida fikra humwendea msikilizaji kwenye mchanga ulio juu ya alama ya maji, mahali pa kukaa, kuvuta mashua au kucheza mpira. Kwa hiyo tunayo maneno mawili kwa kanda mbili, ingawa katika maandishi ya utalii maneno hayo hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Tutaona katika sehemu ya 6.0 kwamba mahakama za New Jersey zimetumia miaka mingi kutenganisha na kuunganisha kanda hizohizo mbili.

2.2 Kiangazi cha nani?

Neno jingine linalohitaji tahadhari ni "kiangazi". Msimu wa ufukwe katika New Jersey huhesabiwa kuanzia Jumatatu ya mwisho ya Mei hadi Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ambazo zote ni sikukuu za taifa. Ndiyo miezi ya joto ya huko. Lakini kwa Mswahili wa mwambao Juni, Julai na Agosti ni wakati wa kipupwe, upepo wa kusi ukivuma na bahari ikichafuka. Kiangazi chetu hasa, wakati wa kaskazi, ndicho kipindi ambacho njia za mbao za New Jersey zimefungwa maduka na kufunikwa na baridi. Mfasiri anayeandika "likizo ya kiangazi" bila ya kutaja miezi humpa msomaji picha iliyopinduka. Jambo hili ni dogo, lakini ndilo linaloeleza uchumi wote wa miji hii: mfanyabiashara ana wiki kumi na nne hivi za kuchuma riziki ya mwaka mzima, na wikiendi moja ya mvua humuumiza kama mkulima anavyoumizwa na ukame.

3.0 Chimbuko la Njia ya Mbao

Atlantic City ni mji ulioumbwa na reli. Kisiwa cha Absecon, ulipojengwa, kilikuwa matuta ya mchanga na vinamasi. Daktari mmoja wa sehemu hiyo, Jonathan Pitney, alihubiri kwamba hewa ya bahari ina tiba, na akashirikiana na wenye mitaji kupata kibali cha reli. Treni ya kwanza kutoka Camden, ng'ambo ya mto kutoka Philadelphia, ilifika mwaka 1854, mwaka uleule mji ulipotambuliwa rasmi. Reli ya pili ilipofunguliwa mwaka 1877 ushindani uliteremsha nauli, na kuanzia hapo bahari haikuwa tena starehe ya matajiri peke yao. Makarani, mafundi na wafanyakazi wa viwandani waliweza kwenda asubuhi na kurudi usiku. Husimuliwa kwamba wengi wao walibeba chakula chao ndani ya masanduku ya viatu, na hata leo wenyeji wa kusini mwa New Jersey huwaita wageni wa siku moja kwa jina la utani linalotokana na kisanduku hicho. Jina hilo lina dharau ndani yake: mgeni aliyekuja na chakula chake hakuacha fedha mjini.

Wageni hao waliacha kitu kingine, nacho ni mchanga. Waliuingiza katika mabehewa ya treni na juu ya mazulia ya hoteli. Kondakta wa reli, Alexander Boardman, na mwenye hoteli, Jacob Keim, waliwasilisha ombi kwamba ijengwe njia ya mbao ya kupunguza uchafu huo. Baraza la mji liliafiki, na njia ilifunguliwa mwezi Juni 1870. Ilikuwa nyembamba na ya muda; ilitengenezwa kwa vipande vilivyoweza kung'olewa baada ya msimu na kuhifadhiwa mpaka mwaka unaofuata. Wako wanaodai kwamba jina la Kiingereza la njia hiyo linatokana na jina la kondakta huyo. Dai hilo halihitajiki, kwa kuwa jina linajieleza: ni neno la mbao lililounganishwa na neno la kutembea.

Yafaa kusisitiza jambo hili. Njia ya mbao haikuanza kama burudani. Ilianza kama kizuizi, chombo cha kuutenga mchanga na zulia, yaani kuutenga ufukwe na mji. Burudani ilikuja baadaye, pale ilipogunduliwa kwamba watu wanaoizunguka njia hiyo wanapenda kununua. Njia ilijengwa upya mara kadhaa, na ile ya mwaka 1896 ilisimama juu ya vyuma na kufikia upana wa meta 12 hivi. Mwaka huohuo ilitambuliwa kuwa mtaa rasmi wenye jina lake. Magati ya burudani yaliingia baharini, mashuhuri miongoni mwao likiwa Steel Pier la mwaka 1898, na mashindano ya urembo ya Miss America yalianza hapo mwaka 1921. Mchezo wa Monopoly, uliouzwa na kampuni ya Parker Brothers kuanzia mwaka 1935, ulichukua majina ya mitaa ya mji huu na kuiweka njia ya mbao kuwa mali ya bei ya juu kuliko zote. Kwa namna hiyo mamilioni ya watu wasiowahi kuuona mji walijifunza kwamba ukingo wa bahari ni kitu cha kununuliwa.

4.0 Nani Aliyetembea, Nani Aliyesukuma

Picha za zamani za njia ya mbao zinaonyesha umati wa watu waliovaa nguo zao bora. Miongoni mwao kuna viti vya magurudumu vilivyosokotwa kama vikapu, ambamo abiria wawili au watatu hukaa na kusukumwa taratibu. Wasukumaji, kwa kiasi kikubwa, walikuwa Wamarekani Weusi. Mwanahistoria Bryant Simon, katika kitabu chake Boardwalk of Dreams cha mwaka 2004, ameieleza njia hiyo kuwa jukwaa ambapo watu wa tabaka la kati walijionyesha kwamba wamefanikiwa, na kwamba kutengwa kwa wengine kulikuwa sehemu ya maonyesho yenyewe. Aliyeketi kitini kwa saa moja alinunua zaidi ya usafiri. Alinunua hadhi ya kusukumwa.

Sensa ya mwaka 1910 ilionyesha kwamba zaidi ya mtu mmoja kati ya watano katika wakazi wa Atlantic City alikuwa Mweusi. Watu hao walitandika vitanda, walipika na kubeba mizigo katika hoteli ambazo hawakuruhusiwa kulala. Makazi yao yalikuwa Northside, ng'ambo ya reli, ambako walijenga makanisa, biashara na kumbi za muziki. Kwa upande wa bahari walisukumwa kwenye kipande kimoja cha mchanga karibu na mtaa wa Missouri, kilichokuja kuitwa Chicken Bone Beach, yaani ufukwe wa mifupa ya kuku, kutokana na vyakula ambavyo familia zilikwenda navyo. Tena hapa tunaliona lile jina la utani la sanduku la viatu katika sura nyingine. Katika mji unaoishi kwa kuuza chakula, anayejibebea chakula hupewa jina la kumcheka, hata kama alikibeba kwa sababu hakuna mkahawa ambao ungemhudumia.

Katika Asbury Park, mji ulioanzishwa mwaka 1871 na mfanyabiashara James A. Bradley, jambo hili lilikuwa bayana zaidi. Bradley alimiliki ufukwe na njia ya mbao kama mali yake, na katika miaka ya 1880 aliwawekea Wamarekani Weusi vizuizi vya kuvitumia, ingawa ndio waliofanya kazi katika hoteli za mji wake. Wenyewe hawakunyamaza, viongozi wao wa dini walipinga hadharani. Lakini mgawanyo wa upande wa mashariki, wa bahari, na upande wa magharibi, wa ng'ambo ya reli, ulidumu. Mwezi Julai 1970 ghasia zilizuka upande wa magharibi. Miongoni mwa malalamiko ya vijana ni kwamba kazi za msimu katika ufukwe na njia ya mbao zilipewa vijana Weupe wa kutoka nje ya mji. Mtaa wa Springwood, uliokuwa moyo wa biashara za Wamarekani Weusi, uliteketea, na kwa miongo kadhaa viwanja vyake vilibaki vitupu. Ufufuzi wa Asbury Park ulioshika kasi baada ya mwaka 2000 ulianzia tena ufukweni, kwa majumba ya ghali yanayotazama bahari. Reli ingali inagawa mji.

5.0 Kushuka kwa Miji na Jaribio la Kasino

Sababu za kushuka kwa miji hii zinafahamika. Reli ilileta watu mahali pamoja, motokaa iliwatawanya. Barabara kuu ya Garden State Parkway, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1950, ilifungua kila kijiji cha ufukweni. Ndege ziliwapeleka wenye fedha Florida na Karibiani. Mashine za kupoza hewa na mabwawa ya kuogelea ya majumbani zilipunguza haja ya kuukimbia mji wakati wa joto. Chama cha Democratic kilipofanya mkutano wake mkuu Atlantic City mwezi Agosti 1964, ambapo Fannie Lou Hamer wa Mississippi alitoa ushahidi wake mashuhuri juu ya mateso ya waliojiandikisha kupiga kura, waandishi wa habari waliutangazia ulimwengu pia uchakavu wa hoteli walimolala. Wakazi, waliokuwa 66,198 mwaka 1930, walipungua hadi 40,199 mwaka 1980.

Mwaka 1976 wapiga kura wa jimbo waliridhia kasino katika mji huo peke yake, na ya kwanza ilifunguliwa mwezi Mei 1978. Kwa idadi ya wageni mafanikio yalikuwa makubwa: katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 mji ulipokea zaidi ya watu milioni 30 kwa mwaka. Lakini kasino na njia ya mbao ni taasisi zenye mantiki mbili zinazopingana. Njia ya mbao huishi kwa mtu anayetembea, kutazama na kubadili nia. Kasino huishi kwa mtu aliyeketi asiyejua saa. Majengo mapya yalikuwa na maegesho na vituo vya mabasi ndani yake, na hayakuhitaji mgeni atoke nje. Mtu aliweza kuja Atlantic City na kurudi kwao bila ya kuiona bahari. Maduka na sinema za mitaa ya nyuma zilikufa huku takwimu za wageni zikipanda.

Upekee uliotegemewa haukudumu. Kasino za Pennsylvania zilianza kufunguliwa mwishoni mwa mwaka 2006, na wachezaji wa Philadelphia hawakuhitaji tena safari ya kilometa 100. Mwaka 2014 pekee kasino nne kati ya 12 zilifungwa. Mwezi Novemba 2016 serikali ya jimbo ilichukua madaraka mengi ya uendeshaji wa mji. Na mwezi Februari 2021 jengo la Trump Plaza, lililosimama katikati ya njia ya mbao, liliangushwa kwa baruti mbele ya watazamaji. Mbili kati ya zilizofungwa zilifunguliwa upya mwaka 2018 kwa majina mengine. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 38,497. Hivyo basi, miongo minne ya kasino haikurejesha watu waliokuwapo kabla yake.

Miji iliyokataa njia hiyo haikusalimika na mabadiliko. Ocean City, ulioanzishwa mwaka 1879 na wahubiri wa Kimethodisti, bado unapiga marufuku uuzaji wa pombe na umejijengea sifa ya mji wa familia. Hata hivyo, uwanja wa bembea wa Wonderland Pier, uliofanya kazi kwenye njia yake ya mbao tangu mwaka 1965, ulifungwa mwezi Oktoba 2024. Bembea hulipa kwa wiki kumi na nne. Nyumba ya ghorofa inayotazama bahari hulipa mwaka mzima. Shinikizo hilo la bei ya ardhi ndilo linalobadili sura ya miji mingi ya ufukweni leo, kimyakimya zaidi kuliko kasino lakini kwa uhakika zaidi.

6.0 Kupwa na Kujaa Mahakamani

Tumesema kwamba njia ya mbao imejengwa juu ya mpaka. Sasa tuutazame mpaka huo kisheria. Katika New Jersey ardhi iliyo chini ya wastani wa alama ya maji kujaa ni ya dola, nayo huishika kwa niaba ya watu wote. Wastani huo huhesabiwa kwa vipimo vya miaka 19 hivi, ili mizunguko ya mwezi iingie yote, bamvua na maji mafu. Kwa maneno mengine, kile ambacho sheria inakiweka mikononi mwa umma ni pwani, kwa maana ileile ya mzizi wa neno letu: mahali panapopwa. Ufukwe mkavu ulio juu yake unaweza kuwa mali ya mji, ya chama au ya mtu binafsi.

Tatizo linaonekana mara moja. Haki ya kuwa pwani haina faida kwa mtu ambaye hawezi kupita ufukweni ili aifikie, wala kukaa mahali pakavu maji yakijaa. Kuanzia mwaka 1929, ambapo mji wa Bradley Beach ulianza kutumia beji za malipo, miji mingi imetoza ada ya kuingia ufukweni wakati wa msimu. Atlantic City na Wildwood ni miongoni mwa michache isiyotoza. Mji wa Avon-by-the-Sea ulipoweka utaratibu uliowafanya wageni walipe zaidi kuliko wenyeji, mji jirani wa Neptune City uliushtaki. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya New Jersey iliamua kwamba ufukwe wa manispaa lazima uwe wazi kwa wote kwa masharti sawa. Mwaka 1984, katika shauri la Bay Head, mahakama hiyo iliongeza kwamba hata chama cha wenyeji kinachomiliki mchanga mkavu hakiwezi kuufunga kwa wasio wenyeji, na mwaka 2005 ilitoa uamuzi wa mwelekeo huohuo dhidi ya klabu ya binafsi. Kanuni hiyo iliingizwa katika sheria ya bunge la jimbo mwaka 2019.

Kanuni yenyewe tungeiitaje? Tunapendekeza "kanuni ya amana ya umma". Neno "wakfu" huja akilini haraka, kwa kuwa mali ya wakfu nayo haiuzwi na faida yake ni ya wengi. Lakini wakfu huanza kwa mtu aliyekuwa mmiliki kamili na akatoa mali yake kwa hiari. Dola katika kanuni hii haikutoa kitu, imewekewa tu. Anayeshika amana hawezi kuiuza wala kuitumia kwa matakwa yake, na mwenyewe anaweza kuidai wakati wowote. Hayo ndiyo hasa yaliyomo katika hoja za majaji.

7.0 Mpaka Unaohama

Mpaka unaopimwa kwa maji una tabia moja: unahama. Kipimo cha Atlantic City kinaonyesha kwamba usawa wa bahari ulipanda kwa karibu sentimita 45 kati ya mwaka 1911 na 2019, zaidi ya maradufu ya wastani wa dunia, kwa sababu nchi yenyewe inadidimia wakati maji yanapanda. Kimbunga cha mwaka 1944 na dhoruba ya Machi 1962 viling'oa sehemu kubwa za njia za mbao. Kimbunga Sandy, kilichotua karibu na Brigantine tarehe 29 Oktoba 2012, kiliitumbukiza reli ya bembea ya Seaside Heights baharini, na picha yake ikawa nembo ya maafa hayo. Chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 12 Septemba 2013, moto uliteketeza zaidi ya biashara 50 katika Seaside Park na Seaside Heights. Wachunguzi walibaini kwamba chanzo chake ni nyaya za umeme zilizokuwa chini ya njia ya mbao, ambazo zilikuwa zimeingiwa na maji ya chumvi na mchanga. Kwa hiyo bahari iliunguza kile ilichoshindwa kukibeba.

Jibu la serikali limekuwa kupampu mchanga kutoka baharini na kujenga matuta marefu. Hatua hiyo imezua maswali mapya ya umiliki. Mwaka 2010, katika kesi ya mji wa Long Branch, mahakama iliamua kwamba mchanga ulioongezwa kwa fedha za umma ni wa umma, hata ukiwa mbele ya kiwanja cha mtu. Mwaka 2013, katika kesi ya Harvey Cedars, iliamuliwa kwamba mwenye nyumba anayedai fidia kwa kuzibiwa mandhari ya bahari na tuta lazima ahesabiwe pia faida ya kulindwa na tuta hilo. Kesi hizi zinaashiria mabadiliko ya fikra. Mandhari, iliyouzwa kwa bei ya juu tangu enzi za hoteli za kwanza, sasa inapimwa dhidi ya usalama. Na anayelipia usalama huo ni pamoja na mlipa kodi wa bara ambaye pengine hajapata kununua beji.

8.0 Istilahi na Pwani Yetu

Turejee sasa kwenye istilahi. Njia zinazojulikana za kuunda istilahi ni pamoja na kutohoa, kutafsiri sisisi, kupanua maana na kuunganisha maneno. "Bodiwoki" hutaja kitu bila ya kukieleza. "Baraza ya mbao" inavutia, kwa kuwa baraza katika miji ya Waswahili ni mahali pa kukaa, kuonana na kuonwa, na hiyo ni nusu ya kazi ya kitu tunachokizungumzia. Hata hivyo, baraza ni ya nyumba na mwenyewe anajulikana. Mgeni huketi kwa kukaribishwa. Njia haina mwenyewe wa namna hiyo. Kwa sababu hiyo tunachagua "njia ya mbao", na pale ambapo kitu hicho kimejengwa kwa zege au mawe, "njia ya matembezi ya ufukweni". Neno "njia" lina faida iliyo muhimu kwa hoja yetu: njia ni haki ya kupita. Kwa kitendo cha kuizunguka jioni hatuna haja ya kubuni neno, kwani "kupunga upepo" linatosheleza kabisa.

Je, mjadala huu unatuhusu? Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na njia za mbao, lakini ina mahali pa kupunga upepo. Bustani ya Forodhani, Zanzibar, ilifunguliwa upya baada ya ukarabati mwaka 2009, na eneo la Mama Ngina, Mombasa, mwaka 2019. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 za ukingo wa bahari. Iko tofauti moja ambayo haifai kusahauliwa. Katika New Jersey mabishano ni ya wageni na wenyeji ambao wote wanakwenda baharini kustarehe. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja pwani ni mahali pa kazi: wanawake huchokoa pweza, huokota chaza na, tangu mwaka 1989, hulima mwani kwa ajili ya kuuza nje. Hoteli inayosimama juu ya ufukwe mkavu inaweza isiguse hata kiganja kimoja cha pwani, na bado ikaifunga kwa kuziba vichochoro vya kuifikia. Mwenye kusema "hatujachukua pwani yao" atakuwa amesema kweli kwa mujibu wa mzizi wa neno, na atakuwa amemnyima mkulima wa mwani shamba lake. Hapa ndipo uamuzi wa Bay Head unapotupatia funzo: haki ya mahali bila ya haki ya njia ni haki ya maneno matupu.

Kwa sababu hiyo tunawashauri watafiti na wafasiri wayatenge maneno haya wanapoandika juu ya sheria, mazingira au utalii: "pwani" ikiwa na maana ya ukanda wa kupwa na kujaa pale usahihi unapohitajika, "mwambao" kwa eneo zima la nchi lililo kandokando ya bahari, na "ufukwe" kwa mchanga mkavu. Si lazima msemaji wa kawaida abadili mazoea yake. Lakini mkataba wa ardhi unaosema "pwani" bila ya kufafanua unaweza kumpa mmoja kile ambacho mwingine alidhani ni chake.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba njia ya mbao, iliyoanza mwaka 1870 kama hila ya kuzuia mchanga, imekuwa kipimo cha jamii iliyoijenga. Imepima rangi katika Atlantic City na Asbury Park, imepima uwezo wa fedha kwa beji na kwa majumba ya ghorofa, na sasa inapima kina cha bahari inayopanda. Katika kila hatua swali limekuwa moja: ni nani mwenye haki ya kupita kutoka nchi kavu hadi mahali panapopwa? Kiswahili kimelihifadhi jina la mahali hapo kwa karne nyingi. Ni wajibu wa wanaokiandika kuhakikisha kwamba jina hilo halipanuki hadi likashindwa kutuonyesha mpaka, hasa wakati huu ambapo mpaka wenyewe unasogea kuelekea milango ya nyumba.